Bukavu: Msimu wa ligi ya chini ukianza, umalizwe

Nje ya Kivu Kusini, mpira wa Bukavu una majina mawili tu: OC Muungano na OC Bukavu Dawa. Siku timu hizo zinapokutana kwenye Uwanja wa Concorde, Kadutu, mji hugawanyika, na ndani ya nyumba moja baba anaweza kuwa wa Muungano huku mtoto akiwa wa Dawa. Zote mbili zimewahi kufika Linafoot, ligi kuu ya Kongo, ligi ya akina TP Mazembe na AS Vita Club.

Lakini hakuna mchezaji anayezaliwa Linafoot. Kabla ya kuvaa jezi ya Muungano au ya Dawa, kijana wa Bagira au wa Panzi hupitia kwanza timu ya mtaa, ya shule au ya parokia. Hucheza kwenye kiwanja cha udongo ambacho mvua ya Novemba hukigeuza kuwa tope, mbele ya watu mia mbili waliosimama ukingoni. Hakuna kamera, na mara nyingine hakuna hata nyavu golini. Mwamuzi hulipwa siku hiyohiyo mkononi, kama fedha zimepatikana. Hiyo ndiyo ligi ya chini, na magazeti huipa mistari miwili ikiwa na bahati.

Muundo wake unaeleweka hata kwa mtoto. Chini kabisa kuna umoja wa mpira wa mji, EUFBUK, wenye madaraja yake. Bingwa wa mji hupanda kwenye ligi ya jimbo, LIFSKI, ambako anakutana na timu za Uvira, Kamituga na kwingineko. Anayefanya vizuri huko hupata njia ya kuelekea daraja la pili la Linafoot, na kutoka hapo daraja la kwanza. Kijana akiangalia kutoka kiwanja cha Funu anaona ngazi iliyosimama, yenye vipago vinavyohesabika. Jumapili moja baada ya nyingine, anapanda.

Ngazi hiyo inasimama kwa sharti moja, nalo ni kwamba msimu uishe. Ukikatika katikati, hakuna bingwa, hakuna anayepanda wala anayeshuka. Au, jambo lililo baya zaidi, bingwa hupatikana ofisini. Mpira wa Afrika unaujua sana ushindi wa mezani: barua inaandikwa, leseni ya mchezaji fulani inakutwa na kasoro, pointi 3 zinahama, na timu iliyomaliza ya tatu inaamka ikiwa ya kwanza. Mashabiki hawana pa kuuliza. Wachezaji waliokimbia kwenye tope miezi sita wanaambiwa wasubiri msimu mwingine, na kijana wa miaka 19 akisubiri misimu miwili ya namna hiyo anakuwa wa miaka 21 ambaye hakuna kocha aliyemwona. Kazi nyingine inamchukua: pikipiki, machimbo ya dhahabu ya Kamituga, boti za mizigo ziwani. Wengine huchukuliwa na bunduki, na hilo halihitaji maelezo marefu kwa msomaji wa Kivu.

Ni rahisi kusema kwamba vita ndivyo vilivyoua mpira wa Bukavu. Vita vimeuumiza sana, na vitajadiliwa hapa chini. Ila ugonjwa huu ni wa zamani kuliko Februari 2025. Msimu wa Linafoot wa 2022-2023 uliachwa njiani, nchi nzima, bila bingwa, na mwaka huohuo wa 2023 FIFA iliweka kamati ya mpito kuliendesha shirikisho la FECOFA. Wakati huo Bukavu haikuwa imeingiliwa na mtu, uwanja wa ndege wa Kavumu ulikuwa wazi na boti za Goma zilikuwa zikienda na kurudi. Hata hivyo ligi ya Mazembe na Vita, yenye majina yote makubwa ya nchi, ilishindwa kufika mwisho. Kama daraja la kwanza linaachwa njiani, nani atashtuka daraja la tatu la mji wa Bukavu likiachwa vivyo hivyo?

Ukitafuta chanzo, utakikuta kwenye mfuko wa mtu mmoja. Timu nyingi za ligi za chini hazina mapato; zina rais. Rais ndiye anayenunua mipira na jezi, ndiye anayelipa ada ya ushiriki, na ndiye anayekodi basi. Ni mfanyabiashara wa vitambaa, mwenye duka la dawa, mara nyingine mwanasiasa anayejiandaa kwa uchaguzi. Watu hawa wanastahili shukrani kuliko wanavyopewa, maana bila wao kusingekuwa na mpira wowote. Lakini timu inayoishi kwa moyo wa mtu mmoja hufa siku biashara yake inapoanguka, au siku kura zinapokwisha kuhesabiwa. Timu mbili zikifa katikati ya mzunguko wa pili, ratiba nzima huvurugika: waliokwisha kucheza nazo wana pointi, ambao bado hawana.

Jiografia nayo huongeza gharama. Bukavu imejengwa juu ya milima na rasi zinazoingia Ziwa Kivu, na ardhi tambarare ni adimu kuliko washambuliaji. Kiwanja kinachobaki wazi humezewa mate na wenye kujenga. Timu za ligi ya jimbo zinapotakiwa kusafiri, barabara ya Kamituga inajulikana kwa malori yanayolala siku kadhaa kwenye matope, na ile ya Uvira hupita ama kwenye ngazi za milima ya Ngomo ama ng'ambo, ndani ya Rwanda. Timu ya daraja la chini inayosafiri hivyo kucheza dakika 90 inatumia siku tatu na fedha za mwezi mzima. Wengine huamua kutokwenda na kupoteza mchezo bila kucheza. Hesabu yao si ya kijinga.

Kisha vikaja vita. Goma ilichukuliwa na M23 mwishoni mwa Januari 2025. Tarehe 14 Februari waasi waliingia Kavumu, na tarehe 16 walikuwa katikati ya Bukavu. Kwa ratiba ya mpira, Februari ni katikati ya msimu. Benki zilifunga milango, ndege zikakoma, maghala yakaporwa. Kiwanda cha bia cha Bralima kiliporwa nacho, na mwezi Juni kampuni mama, Heineken, ilitangaza kwamba imepoteza udhibiti wa mali zake za Bukavu na Goma na kuwaondoa wafanyakazi waliobaki. Kwa mji ambao ajira rasmi zinahesabika, kiwanda kama hicho kikisimama, hasara haiishi kwenye chupa za Primus. Wanaoishi kwa mshahara huo ndio haohao wanaochangia mafuta ya basi la timu ya mtaa.

Kwa timu za Bukavu, swali jipya lilizaliwa ambalo kanuni za ligi hazikuwahi kuliandikia jibu. Shirikisho liko Kinshasa. Mji uko mikononi mwa wengine. Timu inayotakiwa kucheza Kinshasa au Lubumbashi lazima ivuke Ruzizi kwenda Kamembe, iende Kigali, na kutoka huko itafute ndege, kwa gharama ambayo rais wa timu hawezi hata kuitamka mbele ya mke wake. Na hata fedha zikipatikana, mchezaji hubaki na hofu nyingine: upande mmoja anaweza kuulizwa kwa nini anacheza mbele ya watawala wapya, upande wa pili anaweza kuulizwa kwa nini anakwenda Kinshasa. Winga wa miaka 20 hakusaini leseni ili ajibu maswali hayo.

Katika miezi hiyohiyo, serikali ya Kinshasa ilikuwa na fedha za mpira, na ilizipeleka mbali. Kati ya Juni na Julai 2025 zilitangazwa mikataba ya kuitangaza Kongo na AS Monaco, AC Milan na FC Barcelona. Ule wa Barcelona pekee, wa miaka minne, ulielezwa kuwa na thamani ya zaidi ya euro milioni 40. Sababu yake ya kisiasa haijifichi. Rwanda ilikuwa na jina lake kwenye mikono ya jezi za Arsenal tangu 2018, na baadaye ikafika PSG na Bayern Munich. Mapema 2025 waziri wa mambo ya nje wa Kongo, Thérèse Kayikwamba Wagner, aliziandikia klabu hizo akizitaka zivunje mikataba hiyo. Kinshasa iliamua kujibu jezi kwa jezi.

Mtu anaweza kuielewa hoja hiyo na bado akafanya hesabu. Asilimia 1 ya euro milioni 40 ni euro 400,000. Kwa watu wanaonunua mipira kwa kuchangishana, fedha hizo ni misimu mingi ya ligi za chini, si Kivu Kusini pekee. Watetezi wa mikataba wanasema ndani yake kuna vipengele vya kulea vipaji na kambi za mafunzo kwa vijana wa Kongo. Vizuri. Ila kocha atakayekuja kutoka Ulaya kwa wiki mbili atawakuta vijana waliocheza mechi ngapi mwaka huo? Kambi haiwezi kuchukua nafasi ya mechi 25 za ushindani, zenye mwamuzi, zenye mpinzani anayekukanyaga, na zenye jedwali linalosema ukweli mwishoni.

FIFA nayo haiko mbali na suala hili. Katika mpango wake wa Forward wa miaka 2023 hadi 2026, kila shirikisho mwanachama linaweza kupata hadi dola milioni 8, sehemu kubwa ikiwa ya uendeshaji na nyingine ya miradi. Wapenzi wa mpira wa majimbo wana haki ya kuuliza, bila kugombana na mtu, ni kiasi gani cha fedha za aina hiyo huteremka hadi kwa EUFBUK na vyama vyenzake vya miji. Jibu lichapishwe.

Huenda msomaji akasema kwamba ligi za chini ni anasa ya mataifa tajiri. Basi na aitazame Estonia, nchi ndogo ya Ulaya kando ya bahari ya Baltiki. Watu wake wote hawafiki milioni 1 na nusu, na Bukavu peke yake inakadiriwa kuwa na zaidi ya milioni moja. Estonia haijawahi kucheza Kombe la Dunia hata mara moja, na theluji yake hulazimisha msimu uanze majira ya baridi yakiisha na ukome kabla hayajarudi. Hata hivyo ina madaraja sita ya ligi yaliyopangwa moja juu ya jingine. Daraja la kwanza lina timu 10 zinazokutana mara nne kila moja, mechi 36. La pili ni hivyohivyo. Huko chini kabisa wanacheza walimu, maseremala na wanafunzi, na ratiba yao inajulikana kabla ya mpira wa kwanza kupigwa. Estonia ina utajiri ambao Bukavu haina, hilo ni kweli. Lakini kujua tarehe za mechi na kujua nani atapanda hakununuliwi kwa utajiri.

Wala vita si kisingizio cha kutosha, maana kuna waliocheza vitani. Shakhtar Donetsk ya Ukraine ilihama mji wake mwaka 2014 baada ya mapigano kuanza. Tangu hapo imepokea wageni wake Lviv, Kharkiv na Kyiv, na katika uhamisho huo ikatwaa ubingwa zaidi ya mara moja. Crimea ilipochukuliwa na Urusi, UEFA ilikataa klabu za huko ziingie ligi ya Urusi, lakini haikuwaacha vijana bila mpira: mwaka 2015 ilianza ligi ya rasi hiyo peke yake, UEFA ikiisaidia, bila kuamua ardhi ni ya nani. Hali ya Bukavu si sawa na ya Crimea, na hakuna anayepaswa kuilazimisha ifanane. Kinachofaa kuazimwa ni wazo lenyewe, kwamba mpira wa mtaani unaweza kuendelea chini ya kanuni za shirikisho linalotambulika bila mechi kugeuzwa hati ya umiliki wa mji.

Kwa hiyo FECOFA inapaswa kutamka wazi kwamba matokeo ya ligi ya mji na ya jimbo yanayosimamiwa na EUFBUK na LIFSKI yanahesabika, yeyote anayelinda barabara. Timu ya Bukavu iliyokuwa na nafasi kwenye madaraja ya Linafoot na ikashindwa kusafiri kwa sababu ya vita ishikiwe nafasi yake, isishushwe kama iliyozembea. Mchezaji aliyekimbilia Bujumbura, Kampala au Kinshasa apewe ruhusa ya kucheza huko bila klabu yake kumzuia, na klabu hiyo isipoteze haki zake za malezi.

Wanaoutawala mji nao wana wajibu wao, nao ni kukaa mbali. FIFA haipendi mkono wa serikali ndani ya mpira. Kenya ilifungiwa mwaka 2022 na Kongo-Brazzaville mwaka 2025 kwa sababu hiyo. Mkono wa wenye silaha ni mbaya zaidi. Makombe yenye majina ya wakubwa, hotuba kabla ya mechi, wachezaji wanaopangwa mstari kupigiwa picha na viongozi: hayo yote humchafua kijana ambaye alikuja kucheza tu. Hili linawahusu pia viongozi wa serikali siku watakaporudi.

Usalama wa uwanjani nao usisahauliwe kwa sababu eti ni mechi ndogo. Tarehe 14 Septemba 2008, Butembo, Kivu Kaskazini, mechi ya watani wa mji kati ya Nyuki na Socozaki iliingiwa na fujo baada ya shutuma za uchawi, polisi wakaingilia kati, na katika mkanyagano uliofuata zaidi ya watu 10 walikufa, wengi wao vijana. Ilikuwa mechi ya kawaida ya mikoani. Bukavu, ambako bunduki zimeenea na Concorde imezungukwa na nyumba pande zote, haiwezi kuendesha ligi bila mpango wa milango na bila makubaliano kwamba hakuna askari anayeingia uwanjani na silaha.

Na wasichana? Mwaka 2024 TP Mazembe ya wanawake ilitwaa Ligi ya Mabingwa Afrika. Wasichana wa Bukavu waliiona mechi hiyo kwenye simu. Ngazi inayovunjika kwa kaka zao, kwao mara nyingi haijawekwa kabisa. Msimu ukiandikwa upya, waandikwe tangu ukurasa wa kwanza, wasije wakaongezwa mwishoni kama mechi ya utangulizi.

Kuna jambo moja la kanuni ambalo linaonekana dogo na ndilo linalozaa ugomvi mwingi: msimu ukikatika, nini kinahesabiwa? Ufaransa, ambako wapenzi wengi wa mpira wa Bukavu wana timu ya pili moyoni, ilifunga ligi yake Aprili 2020 kwa sababu ya korona na kuamua jedwali kwa wastani wa pointi kwa kila mechi. Hesabu yenyewe haikuwa mbaya. Ubaya ni kwamba ilichaguliwa baada ya mechi kusimama, kila mtu akiwa anajua nani atafaidika, na klabu zilizoumia zikaenda mahakamani. Huko mahakama zipo na hukumu hutoka kwa wiki. Bukavu timu iliyoonewa itakwenda kwa nani?

Kongo inajua ligi za nyumbani zinaweza kuzaa nini. Kombe la CHAN, ambalo huchezwa na wachezaji wa ligi za ndani pekee, Kongo imelibeba mara mbili, mwaka 2009 Côte d'Ivoire na mwaka 2016 Rwanda, ambako Mali ilifungwa 3-0 kwenye fainali ya Kigali. Kutoka Bukavu, Kigali ni safari ya siku moja ya basi. Vijana waliocheza fainali ile hawakutoka kwenye vyuo vya Ulaya, walitoka kwenye ligi za nchini mwao, katika misimu iliyokwisha.

Kazi ya kwanza ya EUFBUK na LIFSKI haisubiri Barcelona wala Kinshasa. Ni kubandika kwenye ukuta wa Concorde, kabla ya mechi ya kwanza, karatasi yenye ratiba yote hadi siku ya mwisho, idadi ya timu zitakazopanda na zitakazoshuka, kanuni itakayotumika kama msimu utakatizwa na baada ya mechi ngapi, na sahihi za marais wa timu zote kwamba wameisoma.